Karani Ataiweka Jalada Gani?

Wanafunzi wake hushangaa wanaporudishiwa kazi ya kwanza bila tone la wino mwekundu. Pembeni, kwa penseli, kuna swali moja tu: “Karani wa masijala akiipokea hii, ataiweka kwenye jalada gani?”

Mwalimu huyu anafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kimoja upande wa Temeke. Nimeketi nyuma ya darasa lake mara kadhaa, na kila ninapotoka naamini zaidi kwamba kumfundisha mtu kuandika ni ufundi mkubwa usiopewa heshima yake.

Chukua barua ya kuomba fildi. Kijana ameandika: “Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mwaminifu, mchapakazi na ninayejituma.” Aya ya kwanza inapita, ya pili inapita, ombi halijatokea. Limejificha mwishoni mwa aya ya tatu, na tarehe hazimo kabisa. Mwalimu mwingine angezikata aya mbili za mwanzo, akamaliza. Yeye anamwita kijana mezani na kumpa cheo: “Leo wewe ni ofisa utumishi wa manispaa. Una barua arobaini mbele yako na kikao saa nne. Soma.”

Kijana anaisoma barua yake mwenyewe kwa sauti. Anapofika kwenye “mchapakazi” sauti inashuka. Haambiwi kitu. Anaendelea mpaka mwisho, anarudi juu, anatafuta, kisha anauliza, “Madam, sasa huyu anataka kuanza lini?” Anakabidhiwa penseli.

Barua ile mwalimu angeweza kuinyoosha mwenyewe kwa dakika moja, lakini anavumilia kukaa kimya ili mwenye kosa alione. Pia anajua aanze na lipi. Sarufi na tahajia haziguswi mpaka ombi na sababu zake zikae mahali pake, kwani hakuna haja ya kusafisha sentensi itakayofutwa kesho. Nimeona walimu wazuri wakishindwa hapo, mkono ukikimbilia koma iliyokosekana.

Kazi hii imeanza zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano mwaka 1978, wanafunzi wapate kusoma na kuandika kitaaluma kwa Kiingereza, lugha ya mihadhara. Lakini miaka 11 kabla ya hapo, mwaka 1967, Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alikuwa ameagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Ndiyo maana mhitimu aliyeandika insha za Kiingereza miaka mitatu huajiriwa halmashauri, na kabla hajaizoea meza yake anaambiwa, “Andaa dokezo kwa Mkurugenzi.” Wengi hawajawahi kuliona dokezo, andiko la ndani ya ofisi la kumshauri mkubwa.

Kwa hiyo mwalimu huyu hulifundisha dokezo, na nadhani hapo ndipo ufundi wake unapofika kileleni. Chimbuko la jambo vijana hulieleza vizuri, na maelezo pia. Wakifika kwenye ushauri wanakwama, wanakimbilia “Nawasilisha kwa maelekezo yako” bila kushauri lolote. Si uvivu. Wamelelewa kwamba mdogo hampangii mkubwa la kufanya. Malezi hayo mwalimu hayadharau hata kidogo. Huwaonyesha ubaoni namna ya kubaki na adabu na bado kusema: “Ikikupendeza, nashauri malipo haya yafanyike kabla ya tarehe 30, ili mkandarasi asisimamishe kazi.” Heshima imetangulia, ushauri na sababu yake vimefuata, na Mkurugenzi anaweza kuidhinisha kwa mstari mmoja. Kisha anawaeleza kwamba kumwachia bosi fumbo alifumbue mwenyewe ndiko kumkosea adabu. Darasa hunyamaza likiandika.

Siku hizi huja barua zilizonyooka kupita kiasi, kazi ya akili mnemba. Hafungui kesi. Anauliza lile lile la karani na jalada, halafu anaongeza: msomaji wako atataka kujua nini ambacho hukumwambia? Asiyemfahamu msomaji wake hukosa jibu, akarudi kuandika.

Darasa ni kubwa, hawezi kuketi na kila mmoja. Huwapanga wawili wawili, mmoja mwombaji, mwenzake ofisa, naye anazunguka kati ya viti akisikiliza zaidi kuliko kusema. Kuelekea mwisho wa muhula niliwasikia wasichana wawili wakibishana kama “mapema iwezekanavyo” ni tarehe au si tarehe. Mmoja alisema inaonyesha unyenyekevu. Mwenzake akamjibu kwamba ofisa hawezi kuandaa kiti kwa unyenyekevu, anataka siku. Walikata maneno yale, wakaandika Jumatatu, 14 Julai 2025.