Choya, Marere na Tindikali ya Kinywa

Bakteria aitwaye Streptococcus mutans, aliyebainishwa na J. Kilian Clarke huko London mwaka 1924, haonekani kwa macho, ila amali yake hudhihirika, kwani alapo sukari hutoa tindikali, na pH juu ya jino ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba lake gumu huanza kuyeyuka. Basi amtafutaye huiandama tindikali, na shahidi wa tangu zamani wa tindikali ni rangi itokayo katika uoto: litimasi ya maabara asili yake ni marere, uoto uotao juu ya magome ya miti na mawe, ambayo katika karne ya 19 yalikuwa bidhaa ya pwani yetu, yakipelekwa ng'ambo kutia nguo rangi.

Kipimo kilicho wazi zaidi ni cha mtafiti Snyder, cha mwaka 1940. Mate huchanganywa na agari yenye glukosi na rangi ya kijani ya kiwandani, kisha neli huwekwa katika joto la nyuzi 37 na kutazamwa kwa siku tatu. Kijani kikigeuka manjano siku ya kwanza, ni dalili ya bakteria wengi wachachushao, ijapokuwa rangi haiwataji kwa majina, na Snyder mwenyewe aliwakusudia zaidi laktobasili.

Je, choya, yaani rozela, ambayo wekundu wake hubadilika kwa tindikali, yaweza kushika nafasi ya rangi hiyo hapa Isingiro, wilayani Kyerwa? Naam, kwa sharti. Maji ya choya yana uchachu wake yenyewe, tena hudhoofisha bakteria, hata yakitiwa mwanzoni huweza kumuua yule yule anayetafutwa. Kwa hiyo mate na yakuzwe peke yake katika mchuzi wa nyama uliochujwa na kutiwa sukari, kisha tone lidondoshwe juu ya karatasi iliyochovywa katika choya na kukaushwa: tone lisilo na tindikali huigeuza zambarau, na lililochachuka huiacha na wekundu wake. Neli ya pili, isiyotiwa mate, haina budi kuwapo, ama sivyo mchuzi uliochacha wenyewe utasingiziwa kinywa cha mtu.

Nami nahofia baridi kuliko yote. Usiku wa nyanda za Karagwe na Kyerwa hupoza neli iliyoachwa rafuni, bakteria wakazubaa, karatasi ikageuka zambarau, na mtoto ambaye magego yake yameanza kuliwa akarudishwa nyumbani kwa kuambiwa kuwa ni mzima.