Ufundi Uliomo katika Kundi la Pili

Watu humjua mhadhiri kwa vyeo vyake. Mimi hupenda kutazama namna anavyoupanga utafiti wake, na kwa hilo namheshimu sana Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Ni daktari wa magonjwa ya akili aliyechukua shahada ya uzamivu Johns Hopkins, Marekani, kisha akarudi nyumbani kushughulikia jambo lililokuwa likipitwa hivihivi kliniki: mtu anayeishi na VVU anapewa dawa zake, anapimwa uzito, anaondoka, na sonona aliyonayo hakuna aliyeiuliza.

Madaktari wa akili Uganda ni wachache mno. Kwa hiyo yeye na wenzake walibuni tiba ya vikundi yenye vikao vinane, inayoweza kuendeshwa na wahudumu wa afya wa kawaida wakishafunzwa. Mpangilio wake umefikiriwa kweli. Wanaume hukaa peke yao na wanawake peke yao, maana yapo mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya jinsia nyingine. Huanza na elimu kuhusu ugonjwa wenyewe. Watu wakishazoeana, ndipo kila mmoja anapoyatoa yaliyo moyoni. Hufuata mbinu za kukabiliana na shida, na mwishoni kabisa namna ya kujipatia kipato. Naona kipato kimewekwa mahali pake. Aliyekata tamaa hawezi kupanga biashara, na aliyetulizwa moyo akarudi kwenye njaa ileile hatakaa sawa kwa muda mrefu.

Kisha kikaja kipimo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health yalihusu vituo 30 vya afya katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, na watu 1,140. Vituo viligawanywa kwa bahati nasibu pande mbili, upande mmoja ukatoa tiba hiyo. Waliopangwa upande wa pili hawakuachwa mikono mitupu: nao walikutana kwa vikundi, wakafundishwa kuhusu VVU. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Angewalinganisha wagonjwa wake na watu wasiopewa chochote, ushindi ungekuwa mwepesi, na tusingejua kama kilichowaponya ni tiba au ni kule kukaa pamoja tu. Tena hawakuridhika na furaha ya siku ya kufunga vikao. Miezi sita baadaye walipima: kati ya watu 578 waliopata tiba, 2 tu ndio waliokuwa bado na sonona, upande wa pili walikuwa 160 kati ya 562.

Mwaka huohuo BBC ilimweka katika orodha yake ya wanawake 100, na alistahili. Lakini ninyi mnaosomea saikolojia ya afya, msiishie kwenye orodha hiyo. Usomeni utafiti wenyewe, na mwanzie pale unapoeleza kundi la pili lilipewa nini.