Mishikaki ya Kituruki: mafuta na moto kwanza, viungo baadaye

Anayetaka kuchoma şiş kebap ya Kituruki nyumbani aghalabu huanzia kwenye viungo. Nyama hulala usiku kucha ndani ya bakuli, asubuhi inanukia vizuri, na jioni ikitoka motoni inakuwa ngumu, kavu, imekolea viungo juu tu. Tatizo halikuwa kwenye bakuli. Wachomaji wa Adana na Gaziantep, miji ya kusini mwa Uturuki inayosifika kwa kazi hii, hutumia viungo vichache kuliko tunavyotia sisi kwenye mishikaki yetu ya ng'ombe. Ustadi wao uko katika kuchagua mnofu, kupanga mafuta, na kuutawala moto.

Tuanze na mnofu. Paja la mwanakondoo hukatika vipande vinavyolingana na halina kano nyingi, lakini lina mafuta kidogo. Bega lina ladha zaidi, ila tando zake zinataka subira na kisu kikali. Gaziantep wana küşleme, mnofu laini wa kando ya uti wa mgongo, ambao ni mchache na ghali. Kwa jikoni la nyumbani mimi ningechukua paja. Utando mweupe wote uondolewe bila huruma. Utando huo ni kolajeni, na kolajeni hujikunja nyama inapopita nyuzi 60 hivi, ikiikamua maji yake. Ili ilainike inahitaji saa nyingi za moto wa polepole, na mshikaki hukaa motoni dakika kumi tu. Vipande viwe vya sentimita 2.5 hadi 3. Vikiwa vidogo kuliko hapo, ndani hukauka kabla nje haijapata rangi.

Sasa mafuta, na hapa ndipo siri kubwa ilipo. Kondoo wengi wa Anatolia, kama wale wa Karaman, huhifadhi mafuta mkiani. Mchomaji hukata mafuta hayo vipande vyembamba na kuvitunga katikati ya minofu, kipande kimoja cha mafuta kwa kila vitatu au vinne vya nyama. Moto ukipanda, mafuta huyeyuka na kuipaka nyama iliyo jirani. Mengine hudondokea makaa, yakapanda tena kama moshi, na moshi huo ndio unaoleta ile harufu inayomwita mtu toka mtaa wa pili. Mafuta ya mkia wa mwanakondoo ni mapole. Harufu nzito ambayo wengi huilalamikia hutoka kwenye mafuta ya kondoo aliyezeeka, hasa dume.

Mpishi wa London au Berlin anayenunua nyama ya kondoo wa Ulaya mwenye mkia mwembamba huhangaika kuyapata mafuta haya. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, na yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, wote hubeba mafuta mkiani na matakoni. Kinachotakiwa ni kumwambia muuza nyama mapema akuwekee mkia. Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili.

Uzito wa mafuta hayo unaonekana hata kwenye sheria. Jina la kebabu ya Adana, ile ya nyama iliyokatwakatwa, lilisajiliwa rasmi Uturuki mwaka 2005 kuwa mali ya mahali hapo, na masharti yake yanataka nyama ya kondoo ikatwe kwa zırh, kisu kipana kilichopinda, pamoja na mafuta ya mkia. Mashine ya kusagia huiponda nyama na kuipasha joto, mafuta yakaanza kulainika mapema. Kisu huyaacha yakiwa punje punje.

Viungo havina mengi. Kitunguu maji hukwaruzwa, hutiwa chumvi kidogo, kisha hukamuliwa kwa kitambaa. Maji yake ndiyo yanayotumika. Makapi hutupwa, kwa sababu yakibaki juu ya nyama huungua na kuacha uchungu. Huongezwa mafuta ya zeituni, mtindi au maziwa, kijiko cha nyanya ya kopo, pilipili nyekundu na pilipili manga. Hata ukiloweka usiku mzima, ladha hizi haziendi mbali zaidi ya milimita chache kutoka juu. Chumvi ni tofauti: yenyewe hupenya. Basi itie saa kadhaa kabla, au dakika ileile unapoipeleka nyama motoni. Nusu saa kabla ni wakati mbaya, kwa maana chumvi imekwisha kuvuta maji nje lakini hayajarudi ndani, na nyama iliyolowa juu haipati rangi upesi.

Papai bichi tuliache. Kimeng'enya chake kina nguvu sana, hufanya kazi juu ya nyama peke yake, na huzidi kukolea nyama inapopata moto. Kwa ng'ombe mzee linasaidia. Mwanakondoo halihitaji; litamfanya awe uji kwa nje, na ndani abaki vilevile.

Tukija kwenye moto, mangal, jiko la makaa la Kituruki, kwa mishikaki halina wavu. Vyuma huegemea kingo mbili, nyama inaning'inia hewani, haigusi kitu, ikipigwa na joto la makaa moja kwa moja. Jiko letu la duara hukusanya moto katikati na kuziacha ncha za mshikaki mbichi. Tumia karai au sinia la chuma, panga matofali mawili kando, tandaza makaa sawasawa. Subiri yavae majivu meupe. Nyama ikae upana wa kiganja juu yake, na vyuma viwe bapa: kwenye chuma cha mviringo kipande huzunguka peke yake, ukigeuza upande mbichi unabaki chini. Geuza kila dakika moja. Mafuta yakiwasha ndimi za moto, sogeza mishikaki pembeni. Ukinyunyizia maji utarusha majivu juu ya nyama.

Wizara ya Kilimo ya Marekani hupendekeza nyuzi 63 ndani ya vipande vya kondoo, kisha dakika 3 za kupumzika, na nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga. Kwa paja, ukipita 70 umeipoteza.

Nyanya na pilipili ndefu za kijani zichomwe kwenye vyuma vyake. Kuzichanganya na nyama hupendeza kwenye picha, lakini haziivi pamoja: nyanya humwaga maji, na nyama iliyo jirani huchemka badala ya kuungua.

Kabla ya kuandaa, wachomaji hukandamiza mkate wa bapa juu ya nyama ingali motoni ili unyonye mafuta, halafu mkate huo huliwa pamoja na kitunguu kilichonyunyiziwa sumaki, ule unga mwekundu mchachu. Chapati ya kusukuma ina mafuta yake tayari, hainyonyi vizuri. Mkate wa ajemi wa Zanzibar ndio unaofaa.