Kumchagulia Mtoto Kitabu cha Kusomewa

Wahenga walisema kwamba sikio halilali na njaa. Walikusudia habari za mjini, ambazo hazikosi kumfikia mtu hata akijifungia nyumbani. Walakini neno lao lawafaa pia watoto wanaosomewa vitabu. Sikio la mtoto hula cho chote lipewacho. Likipewa chakula chema hunawiri. Likipewa makapi hushiba makapi, kisha likakinai chakula chote. Msomaji, wewe uliye katika shule ya sekondari huenda ukaombwa, kesho au mwakani, kuwasomea wadogo zako nyumbani au wanafunzi wa shule ya msingi iliyo jirani. Vitabu kadha vitawekwa mezani, nawe utatakiwa kuchagua kimoja. Jambo hilo laonekana dogo. Si dogo, maana wapo watoto ambao kitabu hicho kitakuwa cha kwanza kukisikia kwa ajili ya furaha, wala si kwa ajili ya mtihani.

Yakupasa kujua kwanza kwamba jicho na sikio hazina tabia moja. Asomaye kwa macho ana uhuru mwingi: akichoka hupumzika, asipofahamu hurudi nyuma, akichukizwa na ukurasa huuruka. Asikilizaye hana uhuru huo. Neno likishapita limepita, na mtoto aliyepotea katika sentensi ndefu hawezi kuinua mkono kila mara kuuliza njia. Kwa sababu hiyo kitabu chaweza kuwa bora kwa msomaji wa kimya, kikawa mzigo kwa msikilizaji. Achaguaye kwa kufuata sifa za kitabu peke yake hajachagua bado. Amechaguliwa na wengine.

Tuvipime vitabu vinne vya lugha yetu kwa kipimo hiki cha sikio. Cha kwanza ni Hekaya za Abunuwasi. Hekaya zake ni fupi, na nyingi ni mazungumzo ya watu wawili watatu ambao sauti zao ni rahisi kuzitenga. Chukua ile ya sufuria. Abunuwasi aazima sufuria kwa jirani, airudisha pamoja na sufuria ndogo, asema kwamba imezaa. Jirani apokea kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi aazima tena, harudishi, asema kwamba sufuria imekufa. Mtoto wa miaka saba huifahamu hekaya hii bila ya msaada, na hucheka kabla hujafika mwisho. Wapo wakubwa wanaochelea kwamba Abunuwasi hufundisha ujanja. Sikubaliani nao. Jirani yule hakunaswa na ujanja wa Abunuwasi tu. Alinaswa na tamaa yake mwenyewe, kwa kuwa aliukubali uwongo ulipomletea faida. Mtoto huliona jambo hilo pasipo kuambiwa, na aliloliona mwenyewe hakai akalisahau upesi.

Cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ndani yake mna fumbo ambalo halimwachi msikilizaji atulie: Adili ni mtu mwema, mtawala mwenye haki, na kila usiku huwachapa manyani wawili. Kwa nini? Hakuna mtoto atakayekubali kulala kabla ya kupata jibu. Zamani niliogopa kwamba mchapo ule wa usiku ungewaudhi wasikilizaji wadogo. Sasa naona kwamba hofu yangu ilikuwa ya bure, maana Adili hutenda lile kwa amri asiyoweza kuikataa, na huzuni yake yasikika. Ila kitabu hiki kina kasoro moja kwa sikio. Mwanzo wake wakaa sana katika kumsifu Mfalme Rai, na sifa nyingi zilizopangwa kwa utulivu hupendeza macho kuliko masikio. Msomeaji hodari atausimulia mwanzo huo kwa maneno machache, kisha ataanza kusoma pale Ndaje, mjumbe wa mfalme, aonapo kwa siri jambo la ajabu usiku. Kufanya hivyo si kumvunjia mwandishi heshima. Ni kumfungulia mlango apate wageni.

Cha tatu ni Kusadikika cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1951. Ni kitabu kikuu, na huenda wewe mwenyewe umekipenda. Karama ashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, naye ajitetea barazani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kuleta mema, na ambao malipo yao yalikuwa kifungo. Fikira yake ni ya watu wazima, na uzuri wake umo katika hotuba. Mtoto wa darasa la tatu hana hotuba moyoni. Ana miguu inayotaka kwenda. Ukimsomea kitabu chote atasinzia, kisha wewe utasema kwamba mtoto hapendi vitabu, hali kosa ni lako. Msomee safari ya mjumbe mmoja tu, uache. Kitabu kilichobaki kitamngoja hata akue.

Cha nne ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Hiki chasimulia watu waliokamatwa, wakapakiwa majahazini, na wengine wao wakapata makao mapya Frere Town, karibu na Mombasa. Mtoto aliyepita Kengeleni akaiona kengele ya mahali pale atashangaa kujua kwamba jina hilo lina hadithi. Si kitabu cha watoto wadogo mno; kiweke kwa wale wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tena usikisome ukafunga ukaondoka. Huzuni iliyomo yahitaji mazungumzo baada yake, na sifa nyingi ambazo kitabu chawapa Waingereza zahitaji kupimwa, kwa kuwa kila msimulizi husimama upande fulani wa uwanja. Mtoto akijifunza mapema kuuliza ni nani asemaye, umempa hazina.

Utakutana pia na vitabu vya namna nyingine, vipya na vyenye picha za kupendeza, ambavyo kila hadithi yake huishia kwa mahubiri: mtoto mtiifu alifaulu, mkaidi akapatwa na mabaya. Jihadhari navyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hadithi inayojitangazia mafunzo yake aghalabu haina mafunzo ya kutosha ndani. Sisemi kwamba adili si kitu. Nasema kwamba adili lililo ndani ya tendo hukaa moyoni, na lile lililobandikwa mwishoni hubanduka. Watoto hutambua tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani: tazama miguu yao inavyoanza kuchezacheza mahubiri yanapokaribia.

Sasa wataka kujua ufanyeje siku ya kuchagua. Kichukue kitabu, uingie mahali pa faragha, usome sura moja kwa sauti ya kusikika. Usisome kwa macho. Ulimi wako ukijikwaa mara nyingi katika ukurasa mmoja, au pumzi ikikwisha kabla ya sentensi kwisha, mwandishi hakuandika kwa ajili ya sikio. Ukikuta maneno mageni, usikitupe kitabu upesi. Neno geni ambalo tendo lenyewe lalifafanua ni zawadi kwa mtoto. Maneno mageni yaliyorundikana kama mawe njiani ni kizuizi. Mwisho, jiulize swali moja na ujibu kwa kweli: je, mimi mwenyewe nataka kujua litakalotokea? Ikiwa hutaki, sauti yako itakusaliti, kwani mtoto husikia uchovu wa msomaji kabla ya kusikia maneno yake.

Kumbuka, msomaji, kwamba wale utakaowasomea hawana uwezo wa kukuchagulia wala wa kukukataza. Heshima ya kukaa kimya watakupa kwa sababu wewe ni mkubwa wao. Usiitumie vibaya. Na usitafute hukumu ya kazi yako katika makofi, kwa maana watoto hufundishwa kupiga makofi. Itafute katika yale wafanyayo baadaye: mmoja akikufuata mlangoni kukuuliza kama manyani wale waliokolewa, au akikiomba kitabu akishike mwenyewe na kutafuta kwa kidole mahali ulipokomea, jua kwamba ulichagua vema.