Kupatana si kukaa karibu: Linux na kumbukumbu ya kadi

Kuko neno moja wauzaji wa mashini wanalipenda sana siku hizi: "kumbukumbu ni moja". Maana yake, prosesa kuu na kadi ya grafiki (GPU) zinasoma na kuandika mahali pamoja, na kashe zao zinapatana. Moja ikibadilisha namba, ingine haibaki na namba ya zamani. Ni kweli, tena ni kazi nzuri ya mainjinia. Mimi nataka tuangalie kile kerneli ya Linux, ule moyo wa mfumo, ilijenga juu ya kazi hiyo.

Njia ya kwanza: kerneli inahesabu kumbukumbu ya kadi sawa na nodi ya kawaida, ila isiyo na prosesa. Njo vile ilifanyika kwa Summit, mashini kubwa ya Oak Ridge huko Marekani, mwaka 2018. Njo vile pia kwa Grace Hopper ya NVIDIA. Uzuri wake unaonekana: vyombo vya zamani vya Linux vinaendelea kutumika.

Lakini kupatana si kukaa karibu. Ndani ya Grace Hopper, kadi inasoma kumbukumbu yake kwa kasi inayofikia terabaiti 4 kwa sekunde. Njia kati ya kadi na prosesa inapitisha gigabaiti 900, tena ukijumlisha kwenda na kurudi. Shamba la ng'ambo ya Ruzizi linaweza kuandikwa katika daftari moja na lile la nyuma ya nyumba, lakini miguu inajua tofauti. Na kuko kibaya zaidi: kumbukumbu kuu ikijaa, kerneli inaweza kuweka mizigo ya programu zingine, hata nakala za mafaili, kwenye kadi. Programu iliyokuja kwa ajili ya kadi inakosa nafasi.

Njia ya pili inaacha kumbukumbu mikononi mwa piloti ya kadi. Linux 4.14 ilifungua mlango huo mwaka 2017 kupitia HMM. Aina yake ya kumbukumbu iliyopatana iliondolewa mwaka 2019 juu hakuna aliyeitumia. Mwaka 2022, AMD ilirudisha wazo hilo katika Linux 6.0, kwa ajili ya Frontier. Hapo prosesa inafikia kurasa za kadi moja kwa moja, lakini kerneli haizigawi ovyo.

Kwangu, hii njo bora. Hata NVIDIA, mwaka 2025, ilileta namna ya kuacha piloti isimamie kumbukumbu. Kasoro yake haiko ndogo: kila kampuni inaandika sheria zake, na vyombo vya kawaida vya Linux havioni tena kumbukumbu hiyo. Kerneli ingepashwa kuweka sheria moja ya wote: programu iseme inataka kukaa wapi, piloti itii.

Hii inatuhusu. Mwanafunzi anayefundisha modeli kutambua mozaiki ya mihogo analipa mashini ya kukodi kwa saa. Kurasa zikikaa pabaya, saa zinaongezeka, na hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Basi muuzaji akisema "kumbukumbu ni moja", mumuulize: nani njo anaigawa?