Rafu ya Miche Chini ya Taa za Ofisi

Ofisi zinapohamia LED, taa za zamani za mirija ya futi nne hushushwa darini pamoja na maboksi yake ya bati na kuishia kwa wauza vyuma chakavu. Rafu ninayoichambua hapa imejengwa kwa mabaki hayo. Fremu ni rafu ya chuma ya ghala, na juu ya kila daraja zimefungwa taa mbili zenye mirija miwili miwili ya wati 36. Mirija hiyo minne huangaza sinia za miche zilizoenea mita 1.2 kwa 0.6. Kazi yake ni kukuza miche ya nyanya, pilipili hoho na saladi ndani ya chumba cha ghorofani kisicho na kibaraza.

Mwenye ua hana haja ya kitu hiki. Jua la saa sita mchana katika nchi zetu hufikisha luksi 100,000 bila kumlipa mtu, na kivuli cha neti kwenye kitalu kinatosha kuilinda miche. Rafu ya taa ina maana kwa aliyebanwa na kuta, au kwa kazi ambayo lazima ifanyike ndani, kama uzalishaji wa migomba kwa tishu unaofanywa katika maabara za chuo kikuu cha JKUAT kule Juja na za taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam. Kwa kawaida chumba cha kukuzia cha maabara ya tishu ni safu za rafu zenye mirija kama hii ya ofisi, ikiwaka saa 16 kwa siku katika joto la nyuzi 25 hivi.

Wanaoiga vyumba hivyo hupitwa na jambo moja. Kitoto cha mgomba kilicho ndani ya chupa hula sukari iliyochanganywa kwenye jeli, kwa hiyo mwanga hafifu hukitosha. Mche uliopandwa kwenye udongo hauna wa kuulisha. Usipopata mwanga wa kutosha kwa usanisinuru, hurefuka, hupauka na kuanguka. Ukifunga mirija miwili kama ya maabara juu ya sinia ya nyanya, utapata nyuzi badala ya miche.

Basi mwanga kiasi gani? Wati hazijibu swali hili, wala jicho halijibu. Lumeni nazo hupima mwanga kwa kadiri jicho la binadamu linavyouhisi, na jicho hupendelea kijani kibichi na manjano. Jani huhesabu fotoni zilizo kati ya nanomita 400 na 700. Hata hivyo kipimo rahisi cha luksi kinafaa, mradi ujue namba ya kugawia. Kwa mirija myeupe gawa luksi kwa 74, kwa taa za sodiamu za barabarani gawa kwa 82, kwa jua gawa kwa 54, na kwa LED nyeupe 70 inakaribia ukweli. Jibu unalopata ni maikromoli za fotoni kwa mita ya mraba kila sekunde.

Tuipitishe rafu yetu kwenye hesabu hiyo. Mrija mpya wa wati 36 wenye alama 840 hutoa lumeni 3,350, na minne hutoa 13,400. Rafu ikiwa imepakwa rangi nyeupe pembeni, chukulia sehemu sita kati ya kumi ya mwanga huo inafika kwenye majani, yaani lumeni 8,000. Gawa kwa mita ya mraba 0.72, unapata luksi 11,000 hivi. Gawa tena kwa 74, unapata maikromoli 150. Taa zikiwaka saa 16, mche hupokea moli 8.6 kwa siku. Kwa miche hicho ni kiwango kinachofaa, maana hukua vizuri kati ya moli 8 na 12. Saladi ya kuvuna hudai 12 na zaidi. Nyanya ya kuzaa hudai 20 na kuendelea, na anayetaka kuivunia kwenye rafu hii anajipotezea umeme.

Alama iliyo mwishoni mwa mrija ndiyo ya kusoma kwanza unapochagua mabaki. Namba 840 au 865 huonyesha mrija wa fosfori tatu. Mrija wa aina ya zamani, wenye alama 54 au 765, hutoa lumeni 2,500 tu ukiwa mpya, na kwa huo moli za siku hushuka hadi 6 na ushei kwa umeme uleule. Mirija iliyotokea ofisini haiwi mipya kamwe, na yenye weusi ncha zote mbili imekaribia mwisho. Rangi yenyewe isikusumbue. Wauzaji wengi wanashikilia kwamba mimea hutaka taa ya zambarau, lakini vipimo alivyochapisha mtafiti Keith McCree mwaka 1972 vilionyesha kwamba majani hutumia hata mwanga wa kijani kwa kiasi kikubwa. Mwanga mweupe wa ofisi unatosha, tena hukuwezesha kuona ugonjwa kwenye jani mapema.

Sasa tufike kwenye mita ya umeme, ambako ndiko mabaki haya yanakofichua gharama yake. Kila mrija wa wati 36 una choki yake ya chuma, na choki hiyo hula wati 9 hivi za ziada ambazo zote hugeuka joto. Mirija minne inavuta wati 180 kutoka ukutani. Kwa saa 16 ni uniti 2.9 kwa siku. Anayelipa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti atatoa takriban 30,000 kwa mwezi kwa daraja moja la rafu. Sehemu moja ya tano ya fedha hiyo inapasha choki moto. Maabara nyingi hufunga choki nje ya chumba ili zisiongezee kiyoyozi kazi. Kwa fundi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kina joto tayari, ningeuchukua ujanja huo kabla ya mwingine wowote.

Linganisha na bapa la LED la dari, sentimita 60 kwa 60, wati 40, lumeni 4,000. Mawili hufunika sinia zilezile kwa wati 80 na kutoa maikromoli karibu 120, yaani sehemu nne kati ya tano za mwanga wa mirija kwa chini ya nusu ya umeme. Nayo mabapa haya yameanza kutupwa. Mengi yanayozimika yana LED nzima kabisa. Kilichokufa ni draiva, ambayo kapasita zake hukaushwa na joto la juu ya dari. Soma kwenye draiva iliyokufa mkondo na volti, tuseme miliampia 1,050 na volti 30 hadi 42, kisha tafuta nyingine yenye volti hizo. Ukifunga ya miliampia 700, mwanga hupungua, lakini kila wati hutoa fotoni nyingi zaidi na taa hudumu. Epuka draiva isiyotenganishwa na umeme wa ukutani: mahali penye maji na mikono mibichi, bapa lililofunguliwa linaweza kuua.

Tahadhari hiyo inahusu rafu yote. Boksi la bati lifungwe ethi, na laini ipite kwenye swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Kapasita ya zamani inayovuja mafuta usiiguse kwa mikono mitupu, kwani zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 huenda zina sumu ya PCB. Mrija una zebaki. Ukipasuka, fungua madirisha na usifagie vumbi lake kwa ufagio mkavu.

Zebaki hiyohiyo ndiyo inayoimaliza mirija sokoni. Mkutano wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliofanyika Geneva mwaka 2023 uliamua kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija hii ikome ifikapo mwisho wa 2027. Kwa hiyo ninachokithamini kwenye mzigo wa chuma chakavu ni boksi la bati, holda na waya. Mrija na choki nisingevitegemea. Fundi akiondoa choki na stata na kufuata mchoro unaokuja na mrija wa LED wa wati 18, maboksi yaleyale mawili, yakiwa na mirija minne, hutoa mwanga sawa na ule wa mabapa kwa wati 72 tu.

Miche ikitimiza majani manne au matano ya kweli, inatoka kwenye maikromoli 120 au 150 kwenda kwenye jua linaloweza kufika 2,000. Ianzie chini ya neti nzito, kisha nyepesi, kwa wiki moja hivi, na kwa siku za kwanza itolewe kivulini asubuhi tu.