Ruzuku kwa Shule za Kanisa: Luther Aliomba Nini?

Mkutano mkuu wa dayosisi unapofikia taarifa ya shule, hoja moja husimama karibu kila mara. Wazazi Wakristo, husemwa, hulipa kodi kama raia wengine. Watoto wao wasomao katika shule za Kanisa huipunguzia serikali mzigo. Basi ni haki fedha ambazo serikali ingezitumia kwa watoto hao ziwafuate hadi kwetu. Mara nyingi msemaji humtaja Martin Luther na waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, kana kwamba yeye ndiye aliyetufundisha kudai hivyo. Mimi mwenyewe nimeitumia hoja hiyo, tena si mara moja. Yafaa sasa tuipime, maana nadhani tumeusoma waraka ule kwa haraka.

Luther aliandika wakati shule za watawa na za makanisa makuu zilikuwa zikianguka. Wazazi waliuliza: kama mwanangu hatakuwa kasisi wala mtawa, asome kwa nini? Yeye aliwageukia madiwani, akawaonyesha jinsi wanavyotumia fedha nyingi kila mwaka kwa bunduki, barabara, madaraja na kuta za kuzuia maji, na akawauliza kwa nini wasitumie kiasi hichohicho kwa vijana maskini. Hadi hapo tunamnukuu sawasawa. Lakini ni shule gani alizoziomba? Ni shule za mji, zisimamiwe na baraza la mji, kwa wavulana na wasichana. Hakuliomba baraza lilipe gharama za shule ambayo wengine wanaimiliki na kuchagua nani aingie. Zaidi ya hayo, aliwakumbusha wananchi kwamba fedha walizokuwa wakizitoa kwa vyeti vya msamaha, misa na hija sasa zimebaki mikononi mwao, na sehemu yake wangepaswa kuitoa kwa shule.

Katika hotuba yake ya mwaka 1530 juu ya kuwapeleka watoto shuleni, alikwenda mbele zaidi. Huko alisema mamlaka yaweza hata kuwalazimisha wazazi. Na pale baba alipo maskini, mali ya Kanisa imsaidie mtoto. Sehemu hii sijawahi kuisikia ikisomwa katika mkutano wowote wa dayosisi.

Mtu aweza kujibu kwamba mali ya Kanisa kwa wakati ule ilikuwa mashamba na mapato ya zamani ya nyumba za watawa, si sadaka ya Jumapili ya usharika wa kijijini. Ni kweli, na sitaki kumbebesha mjane mzigo wa Ujerumani ya karne ya 16. Hata hivyo utaratibu wa Luther wabaki wazi: serikali ijenge shule kwa wote, na Kanisa lisimame upande wa mtoto ambaye baba yake hana kitu. Sisi tumeugeuza. Twaiomba serikali isimame upande wetu, na mtoto yule twamwachia serikali.

Historia yetu yenyewe yatupa sababu ya kufikiri. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali mtaala na ukaguzi wake. Uhuru ulipokuja utaratibu huo uliendelea, hata Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule hizo mikononi mwa serikali. Wazee wetu wengi waliliona jambo hilo kama jeraha. Lakini aliyekuwa akilipa sehemu kubwa ya mishahara ya walimu alikuwa na neno la kusema. Tena kulikuwa na watoto wengi, hasa Waislamu, ambao mlango wa elimu ulikuwa mwembamba kwao kwa sababu shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni. Mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki walitia saini makubaliano na serikali kuhusu huduma za afya na elimu, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Waislamu wamelalamikia makubaliano hayo kwa miaka mingi. Upande wa afya tunalo jibu zuri: hospitali teule ya Kanisa humpokea kila mgonjwa wa wilaya, wa dini yoyote. Upande wa shule twaweza kulitoa jibu hilohilo? Hospitali haimpi mgonjwa mtihani wa kuingia.

Na tuangalie hesabu. Tangu Januari 2016, serikali ya Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne katika shule zake, ruzuku ya uendeshaji iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Tuseme 25,000 hizo zimfuate mwanafunzi hadi shule ya bweni ya Kanisa, ambako ada huhesabiwa kwa mamilioni. Mzazi aliyekwisha kulipa atapata nafuu kidogo. Asiyeweza kulipa atabaki palepale alipokuwa. Hata mishahara ya walimu ikiongezwa katika hesabu, maana serikali huilipa pia katika shule zake, bado sioni fedha hizo zitamfikiaje maskini bila sharti la kumpokea.

Uganda wamekwisha kuijaribu njia yenye sharti. Mwaka 2007 walianza elimu ya sekondari bila ada, na kwa kuwa si kila kata ilikuwa na sekondari ya serikali, waliingia ubia na shule binafsi. Kwa kila mwanafunzi aliyepelekwa chini ya mpango huo, shule ililipwa shilingi 47,000 za Uganda kwa muhula, nayo haikuruhusiwa kumtoza ada ya masomo. Watoto wengi walisoma ambao wasingalisoma. Lakini kuanzia mwaka 2018 serikali iliacha kuwapeleka wanafunzi wapya, ikielekeza nguvu katika kujenga shule zake, na shule zilizokuwa zimepanga bajeti kwa fedha hizo zikabaki na madarasa. Katika bodi zetu twapenda kuuliza: je, tukipewa, hatutanyang'anywa? Swali hilo ni halali. Ningependa kwanza tuulizane kama tungelitia saini sharti lile la kutotoza ada.

Husemwa pia kwamba serikali haiwezi kulipia mtu katika chuo kisicho chake. Yaweza: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kanisa pia. Lakini huyaangalia mahitaji ya mwombaji, na fedha ni deni lake. Tukitaka kuomba, tuombe kwa mfano huo: kwa jina la mtoto mhitaji, baada ya kuonyesha nafasi ngapi shule zetu zimezitenga kwa ajili yake kutoka katika mapato yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa bodi ya shule moja ya Kanisa. Katika kikao kimoja tulitumia saa mbili kuandika barua ya kuomba ruzuku. Ajenda iliyofuata ilikuwa majina ya wanafunzi wa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, nasi tukayapitisha kwa dakika chache. Miongoni mwao alikuwemo binti wa mjane wa usharika wangu, niliyempa kipaimara mwaka uliotangulia. Sikusema neno. Jumapili iliyofuata mama yake alitoa sadaka yake kama kawaida, akanisalimu mlangoni, "Bwana asifiwe, Mchungaji," wala hakuuliza lolote. Barua yetu haikujibiwa. Binti yule alimaliza kidato cha nne katika sekondari ya kata.